Weka msasa chini, gongo hilo bado lina kazi

Magongo mengi ya kriketi ya zamani hayaharibiwi na mpira. Huharibiwa na mtu aliyenuia kuyaokoa. Akishalipata gongo la mtumba, cha kwanza anachokimbilia ni msasa: anasugua hadi alama nyekundu za mpira ziishe na mbao ibaki nyeupe, anabandika stika mpya, anapiga picha. Picha inapendeza. Gongo ndilo limekwisha.

Mwerebi, ule unaopandwa sana Essex, Uingereza, kwa kuchongea magongo haya, ni mti laini na mwepesi. Ukiupiga mpira wa ngozi kwa ubao uliotoka msumenoni moja kwa moja, ubao utabonyea. Kwa hiyo fundi huupitisha kwenye rola zinazoukandamiza mpaka sehemu ya juu ikazane, na mchezaji humalizia kwa kuugongagonga kwa nyundo ya mbao kabla ya kuuingiza uwanjani. Ugumu wote huo uko juujuu tu. Msasa ukiubeba, umebaki na ubao wa kutundika ukutani.

Langu nilililipia Gikomba, soko la mitumba hapa Nairobi, likiwa limeviringishwa selotepu nyeusi kuanzia katikati hadi chini. Kuibandua ndiyo iliyokuwa kazi hasa: unavuta kidogokidogo kufuata mistari ya mbao, maana ukiwa na pupa inang'oka na nyuzi zake. Chini yake palikuwa na ufa ukingoni, mwembamba wa kupitisha ukucha. Niliupenyezea gundi ya seremala, nikaubana kwa kamba hadi ukakauka, kisha nikauzungushia uzi imara. Msasa ulihusika, sikatai, lakini ule laini kabisa, na kwa kuondoa mabaki ya gundi tu.

Kwenye mafuta nako watu huzidisha. Tumia mafuta ya kitani mabichi, si yale ya dukani yaliyotiwa dawa ya kukausha haraka. Kitambaa kilicholowa kidogo kinatosha uso, kingo na ncha ya chini. Pale mpini unapoingia kwenye mbao kwa umbo la V usipaguse, maana pameshikwa na gundi. Lilaze gongo uso ukiangalia juu, uliache usiku kucha. Gongo la miaka mingi limeshakunywa mafuta ya kutosha. Ukiliongezea kila wiki litakuwa zito kama mchi.

Mpini mimi sina huruma nao. Henzirani, ule mwanzi uliotengenezewa mpini, ikilegea au ikianza kulia unapopiga, mpe fundi aweke mwingine. Mipini imebadilishwa tangu zamani na gongo likabaki lilelile.

Wapo watakaouliza, kwa nini usumbuke wakati ya siku hizi yana kingo nene kiasi kwamba mwaka 2017 sheria ilibidi iweke kikomo cha milimita 40? Ni kweli, la zamani halitakurushia mpira mbali ukiugusa kwa ukingo. Litakulazimisha uupige katikati, na vijana wetu wengi wanahitaji hilo kuliko mbao nene.

Tena Nairobi ndiyo ingepaswa kuwa ya mwisho kudharau gongo lililopita mikononi mwa mwingine. Tarehe 4 Oktoba 1996, hapa hapa kwenye uwanja wa Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio 100, yaani pointi 100, kwa mipira 37 aliyorushiwa dhidi ya Sri Lanka, rekodi iliyodumu hadi 2014. Kwa maelezo yake mwenyewe, gongo alilotumia lilikuwa la Sachin Tendulkar, nyota wa India. Waqar Younis, mwenzake Afridi kikosini, alikuwa amepewa alipeleke Sialkot, mji wa Pakistan wenye mafundi wa vifaa vya michezo, mafundi wa huko walitumie kama kielelezo. Kielelezo maana yake umbo: unene wa mgongo, mkunjo wa uso, uzito ulivyogawanyika. Hayo hayo ndiyo anayoyafuta mwenye msasa.

Langu silipelekei mpira mpya wenye mshono mkali. Nalitumia mazoezini kwa mipira iliyokwisha kulainika, na ule uzi ukingoni naukagua kila baada ya mchezo. Ukianza kulegea, nazungushia mwingine.