Eksirei ya kifua mnaikimbia, CT mnaiomba wenyewe

Juzi kwenye grupu la ukoo imerushwa sauti ya bwana mmoja anayeongea kama anasoma taarifa ya habari. Anasema eksirei inakausha damu, inaua uzazi, na ukishapigwa unywe maziwa fresh kabla hujafika nyumbani. Kufikia jioni shangazi yangu, anayekohoa tangu kabla ya Ramadhani, ametangaza kwamba picha ya kifua hapigi ng'o. Kifua kikuu ndicho kinachoua watu nchi hii, ila tumekubaliana tuiogope mashine.

Kioja ni kwamba kwenye grupu hilohilo, wiki hiyohiyo, kijana wetu mmoja alilalamika kichwa kinamuuma. Ushauri ukamiminika: "Kapige CT-scan, achana na vipimo vidogo vidogo!" CT nayo ni eksirei, ila inauzunguka mwili na kupiga picha nyingi kwa mara moja. Maziwa hakuyataja mtu.

Haya, tuhesabu. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa milisiverti. Picha moja ya kifua inakupa kama milisiverti 0.1, na mara nyingi chini ya hapo. Ardhi, hewa na miale ya kutoka angani vinampa binadamu wastani wa milisiverti 2.4 kila mwaka, bila foleni wala risiti. Kwa hiyo picha anayoikataa shangazi ni sawa na wiki mbili za kukaa tu barazani kwake. CT ya tumbo ndiyo habari nyingine: milisiverti 8 mpaka 10, karibu picha mia za kifua kwa mkupuo mmoja. Ya kichwa ni kama 2. Na MRI, inayopiga picha kwa sumaku na ambayo watu wanaitetemekea kwa vile inagonga kama fundi bati, haina mionzi hiyo kabisa. Ultrasaundi vilevile.

Sisemi CT ni sumu. Mtu kaanguka na bodaboda, hajitambui, mkimbizeni akapigwe. Hata kwa hizo milisiverti 10, mamlaka ya dawa ya Marekani hukadiria nyongeza ya kama mtu 1 kati ya 2,000 kufa kwa saratani, na saratani inaua wengi zaidi ya hapo bila CT yoyote. Sawa, ni ndogo. Lakini mtu anaibeba kwa sababu ya ugonjwa, siyo kwa sababu bima inalipa. Na kwa mtoto mdogo, ambaye mwili bado unakua na ana miaka mingi mbele yake, swali la "kwani lazima?" liulizwe mara mbili.

Kinachonichefua hasa ni bahasha. Kila nyumba ninayoijua ina bahasha kubwa ya kaki juu ya kabati, filamu zimejikunja kwa joto, siku hizi na sidii ndani. Unaibeba mpaka hospitali ya pili. Daktari haifungui. "Picha za nje hatuzitumii, kapige upya." Upya! Goti lilelile, la wiki iliyopita. Najua, kuna filamu nyeusi tititi ambazo hata malaika hawezi kuzisoma, hizo zirudiwe. Lakini ifungue kwanza, uiinue kwenye mwanga, ndipo uniambie ni mbovu. Mashine kama imenunuliwa kwa mkopo, rejesho la benki si ugonjwa wangu. Hiyo ndiyo mionzi ya bure ninayoilalamikia, na hakuna anayeirekodia sauti.

Ooh, mbona mpiga picha mwenyewe anajificha nyuma ya ukuta? Kwa sababu wewe unapigwa moja ukaondoka, yeye yupo pale kutwa nzima, mwaka mzima. Mjamzito? Sema kabla hujapanda kitandani, basi.

Huyo mpiga picha ana kibeji kifuani kinachokusanya hesabu ya mionzi iliyomfikia, na Tume ya Nguvu za Atomiki pale Arusha ina kazi ya kusimamia mambo hayo kisheria. Vizuri sana. Mimi niliyelala chini ya mashine natoka na ripoti isiyo na namba hata moja ya dozi niliyopewa. Na CT za kisasa zinaiandika zenyewe kwenye kompyuta, kila mgonjwa na yake. Namba ipo. Mnashindwa nini kuongeza mstari mmoja chini ya ripoti, hapo juu ya muhuri?