Vizibo vya soda na daftari la chekechea

Mtoto wa miaka 4 anaweza kuimba moja mpaka 20 bila kukosea, lakini ukimwambia, "Nipe vizibo saba," akachota tu vinavyojaa mkononi. Vipange 6 kwa mstari, kisha vitawanye mbele yake: wengi wa rika hilo watakuambia vimeongezeka. Jean Piaget wa Uswisi alilichunguza jambo hilo karne iliyopita. Saba ni neno la wimbo tu mpaka mtoto aishike, aihesabu, aimwage, aihesabu tena.

Ndiyo maana naunga mkono chekechea ya kutenda. Kufinyanga udongo na kutunga shanga hukaza vidole kabla ya penseli. Watoto wanaocheza kalongolongo, "wewe uwe mama, mimi daktari," hujifunza lugha, kusubiri zamu na kumjali mgonjwa, vyote kwa mchezo mmoja. Mtaala wa umilisi (CBC), ulioenea nchini Kenya mwaka 2019, unataka hayo hayo.

Lakini msikilize mama wa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, anayelipa karo kidogo kidogo kutoka kwenye vibarua vya kufulia watu nguo. Jioni anafungua begi la mwanawe kutafuta maandishi, kwa sababu daftari ndilo risiti yake. Akiambiwa "leo tulicheza," anahisi ameibiwa. Si ujinga huo. Zipo shule zinazompima mtoto kwa penseli kabla ya kumpokea gredi ya kwanza, na asiyeweza kuandika jina lake anarudishwa nyumbani. Mama huyo anajua mlango unafunguliwa na nini.

Mwalimu naye ana lake. Chumba cha mabati, watoto 40, mtu mzima mmoja. Nusu wamimine maji, nusu wapange mbao? Maji yenyewe ya kununua kwa mtungi. Ubaoni anaandika "a, e, i, o, u," wanakariri, kunatulia.

Wengine husema basi mbinu hii ni ya Karen na Lavington, mitaa ya matajiri wa Nairobi. Hapo nakataa. Maria Montessori alifungua shule yake ya kwanza mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma. Vizibo havina bei. Kinachokosekana ni mikono ya pili darasani. Katiba ya 2010 ilikabidhi chekechea kwa kaunti, kwa hiyo msaidizi wa mwalimu aajiriwe na kaunti kabla mzazi hajaagizwa manila na rangi kila wiki.

Na mzazi aonyeshwe kazi. Ijumaa, wakati wa kuchukua watoto, mwalimu amkalishe dakika mbili, amwage vizibo mezani, amwambie amwombe mwanawe saba. Wiki ya kwanza mtoto atachota ovyo. Siku atakapohesabu kimoja kimoja na kuishia saba, mama atakuwa ameona alicholipia.