Vikao vya wananchi Nairobi: tuendelee navyo ama tuache serikali ijenge tu?

Kila mwaka bajeti ya kaunti ikikaribia huu mjadala unarudi. Kuna wale wanasema wananchi lazima waulizwe kabla hata lori moja ya kokoto kumwagwa, na kuna wale wanasema hivi vikao ni kupotezea watu wakati, mtu anatafuta unga na nyinyi mnamuita kwa holi akae masaa matatu akisikiliza hotuba, heri walete mainjinia wajenge tumalizane. Mimi niko upande wa vikao na nasema mapema, lakini hawa wa pili wako na hoja nzito sana na sisi tunaotetea vikao huwa tunaziruka.

Tuanze nazo basi. Tangazo linatoka kwa gazeti ambalo watu wengi hawanunui, kikao kinawekwa siku ya kazi saa nne asubuhi, saa ambayo mama wa kibanda ako sokoni na kijana wa Industrial Area anayelipwa kwa siku ako kazini, na akikosa hiyo siku hakuna wa kumrudishia. Ukifika unapewa kitabu kikubwa cha Kizungu kimejaa jedwali, unaambiwa toa maoni. Wanaoongea ni wale wale, wa kamati, wa mheshimiwa, wenye nyumba za kupangisha. Unapata dakika mbili unasema mtaro wa kwenu umeziba na watoto wanapita kwa maji machafu wakienda shule, mtu anaandika, mnapewa soda, basi, hakuna siku utaitwa uambiwe ile maneno yako iliishia wapi. Hapo ndipo watu walikata tamaa, na siwezi kuwalaumu.

Na hata mkikubaliana vizuri, pesa yenyewe hailetwi. Pesa za kaunti zinachelewa kutoka kwa hazina ya kitaifa, zikifika zinakuta madeni ya zamani ya makontrakta yakizingoja, halafu mradi wa wadi ndio unabaki nyuma. Mwaka wa 2025 MCAs wa Nairobi, yaani wawakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, walipotaka kumng'oa gavana Sakaja, moja ya malalamiko yao makubwa ilikuwa pesa za maendeleo ya wadi. Sasa kama MCA mwenyewe analia hivyo, wewe mwananchi uliyetoa pendekezo la taa moja ya mulika mwizi utasemaje?

Halafu kuna mfano wa NMS, ile ofisi ya serikali ya kitaifa iliyopewa kazi za kaunti, na huu ndio watu hupenda kutoa. Machi 2020 Meja Jenerali Mohammed Badi aliwekwa kuongoza ile Nairobi Metropolitan Services baada ya Sonko, gavana wa wakati huo, kutia sahihi kukabidhi baadhi ya kazi za kaunti kwa serikali ya kitaifa, na kabla ifungwe 2022 watu waliona vitu kwa macho, njia za kutembea kwa miguu katikati ya mji, visima kwa mitaa ya mabanda, zahanati na hospitali mahali hazikuwepo, barabara za ndani zikawekwa lami. Vikao havikusikika sana, kazi ndiyo ilionekana. So mtu anauliza, huyo mwanajeshi bila hotuba amefanya kwa miaka miwili kitu ambacho nyinyi na maoni yenu mmeshindwa kwa miaka kumi, mnatetea nini?

Hili swali ni la haki, lakini angalia Mukuru, ile mitaa ya mabanda, vizuri.

Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa, yaani Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya laki moja zinazoishi juu ya ardhi ambayo kwa karatasi nyingi ni ya watu binafsi waliopewa zamani wajenge viwanda na wengi hawakujenga. Ujenzi mpya ukasimamishwa miaka miwili mpango uandikwe. Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao walikuwa wameshakusanya takwimu mlango kwa mlango, na ni hapo ilijulikana wazi kwamba mtu wa Mukuru analipia maji na stima bei ya juu kuliko mtu wa mtaa wa kifahari, kwa huduma mbaya zaidi. Watu walipangwa kwa makundi ya nyumba kumi kumi, kundi linachagua mwakilishi, wawakilishi wanakutana kwa ngazi ya juu, mpaka mnafika kwa kijiji na mtaa mzima. Vyuo vikuu na mashirika yakagawana kazi, hawa maji, hawa afya, hawa elimu, hawa ardhi na sheria. Ilichukua miaka, na kulikuwa na kugombana sana, juu barabara ikipanuliwa lazima nyumba ya mtu fulani ikatwe, na kila mtu anataka barabara ipite kwa jirani.

Sasa NMS walipoingia 2020, walipata hiyo mipango iko tayari. Lami na laini za maji taka unazoziona Mukuru saa hii hazikuchorwa na mwanajeshi usiku mmoja, wananchi walikuwa wameshagombana na kuelewana barabara ipite wapi na upana wake ni gani. Ile kasi tunaisifu ilitoka kwa ule mwendo wa polepole tunaoudharau. Na hii ndio naona watu hawaambiwi, wanaona tingatinga tu, hawaoni miaka ya watu kuketi kwa viti vya plastiki wakibishana kuhusu mita mbili za njia.

Linganisha na mahali maongezi yalirukwa. Green Park, ile steji kubwa karibu na Uhuru Park, ilijengwa haraka kweli kweli ili matatu zisiingie katikati ya mji, na wenye matatu na abiria walipolalamika, mama akishushwa pale na magunia anatembeaje mpaka sokoni, ikakaa muda mrefu bila kutumika vile ilikusudiwa. Na Mukuru yenyewe, kwa Njenga, Oktoba na Novemba 2021, tingatinga ziliingia kupisha barabara ya Catherine Ndereba, maelfu ya watu wakabaki nje kwenye mvua na vitu vyao. Ni mtaa ule ule uliokuwa umepangwa na wananchi, lakini siku hiyo hakuna aliyeuliza mpango unasema nini. Hiyo bado inaniuma, juu inaonyesha kwamba hata ukishiriki kikamilifu, mtu wa juu akitaka anapita tu.

Kuna wengine wanasema dawa ni kuiga kaunti ya Makueni. Wakati wa gavana Kibwana, 2013 mpaka 2022, Makueni walipanga vikao kutoka kijijini, vijiji vinaungana, mnapanda mpaka wadi, kaunti ndogo na kaunti yenyewe pale Wote, mji mdogo tu. Kila mradi ulikuwa na kamati ya wakazi, na kontrakta halipwi mpaka hiyo kamati itie sahihi kwamba kazi imefanywa. Hiyo sahihi ndiyo siri yote, kwa maoni yangu, kuliko hata vikao, juu mzee anayejua daraja ni lake na sahihi ni yake hatakubali simiti ya kudanganya. Na haikuwa rahisi, walianza kwa vita na MCAs juu ya pesa, 2014 risasi zilisikika kwa bunge la kaunti, mpaka ikaundwa tume ya kuangalia kama kaunti ivunjwe, na rais Uhuru akakataa kuivunja.

Lakini kuihamisha Makueni nzima hadi hapa sioni ikiwezekana. Sensa ya 2019 Makueni ilikuwa na watu 987,653 na wadi 30, Nairobi watu 4,397,073 na wadi 85. Piga hesabu, wadi moja ya kwetu ina watu kama elfu hamsini na kitu, ya kwao kama elfu thelathini na tatu. Hata hiyo si shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba Makueni mtu ako kwao, shamba ni lake, barabara ikija ni faida yake. Nairobi wengi tumepanga. Leta lami na maji Pipeline ama Kayole na landilodi ataongeza kodi, mpangaji aliyepigania ile lami kwa kikao ahame aende mahali bado pana matope. Kwa hiyo mpangaji akikosa kikao siwezi kusema hajali, ameona vile hiyo hesabu inaisha. Mimi hii ndio naona uzito kuliko zote na haijapata jibu zuri, hata Mukuru wapangaji ndio wengi na wenye nyumba ndio walikuwa na sauti kubwa.

Kuna watu watasema basi tuache. Hapana, kwanza sheria haikubali. Katiba kifungu cha 201 inasema mambo ya pesa za umma yafanywe kwa uwazi na wananchi washirikishwe, na 2014 mahakama kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 juu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Kuruka kikao ili uokoe wiki mbili unaweza kupoteza mwaka mzima kortini.

Lakini pia tuache kwenda kikao kile si chetu. Tunajazana wakati wa bajeti, Aprili mpaka Juni, na kufikia hapo miradi imeshachaguliwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema pesa za umma zisitengwe nje ya mpango, na mpango wa mwaka, ule wanaita ADP, unapelekwa bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi. Mtu wa Dandora anayetaka mtaro aupeleke Julai, kwa maandishi, aweke muhuri wa kupokelewa na abaki na kopi. Na kaunti nayo iweke vikao Jumapili mchana ama jioni baada ya kazi, ilete muhtasari wa Kiswahili kurasa nne hivi, na kikao kinachofuata kianze kwa kusoma maombi ya mwaka uliopita moja moja, hili limeingia, hili limekataliwa kwa sababu hii. Kamati za kutia sahihi za Makueni zinaweza kuanza hapa kwa miradi midogo, choo cha soko, taa, mtaro, na viti nusu viwekewe wapangaji kwa sheria, siyo kwa hisani ya mheshimiwa.