Bakuli la goldifishi sebuleni: mimi na jirani yangu nani ana haki?

Sikukuu iliyopita kuna kijana alishuka kwenye jeti ya boti hapa Amu, yaani Lamu, na vifuko vya plastiki vya samaki wa kufuga kutoka Mombasa, goldifishi na faita (wale samaki wa kupigana), na watoto nao pesa zao za Idi ziko mkononi, basi hazikukaa. Mtoto wa jirani yangu huku mtaa wa Langoni akanunua goldifishi wawili. Wakatiwa kwenye bakuli la kioo la mviringo ambalo mamake huweka asumini, lita tatu ikizidi sana, juu ya meza ya tivii. Siku ya nne nimeingia kumjulia hali huyo mamake, nikawaona wote wawili wako juu kabisa, midomo inafunguka inafunga kwenye uso wa maji, na maji yenyewe yameshakuwa na ukungu. Mtoto akaniambia, mjomba, wanakuja kunisalimu.

Wale hawakuwa wanasalimu, walikuwa wanakosa pumzi. Na mimi nikakasirika nikamwambia mamake hawa samaki mnawaua. Akanitazama akanijibu: ndugu yangu, asubuhi nimekaanga tasi kumi, mbona kwa hao hukusema kitu?

Hilo jawabu nimelala nalo siku kadhaa manake lina uzito. Huu ni mji wa wavuvi, samaki tunamla asubuhi na jioni, na mtu akija na huruma ya samaki wawili wa rangi anaonekana ana starehe nyingi. Lakini tasi ameishi baharini maisha yake yote, ameingia mtego wa dema, akatolewa, mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Huyu wa bakuli anakufa wiki tatu, na hatumli. Ndio tofauti ninayoiona mimi.

Wako wanaosema samaki hasikii uchungu hata hivyo, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake kule Scotland waliwadunga samaki aina ya trauti asidi ya siki kwenye midomo, wakaacha kula kwa saa kadhaa na wakawa wanaisugua midomo yao kwenye changarawe. Wanaopinga wanasema ubongo wa samaki hauna ile sehemu ya juu ambayo sisi tunasikia uchungu nayo. Mimi sihitaji wamalize ubishi wao, nikimuona kiumbe anatafuta hewa najua hayuko sawa.

Kidini pia kuna pande mbili. Kufuga hakujakatazwa, tunajua kisa cha Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kidege chake na Mtume akawa anamuuliza habari zake. Lakini tunajua pia kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Ukishamfungia kiumbe, riziki yake iko mkononi mwako, na kwa samaki riziki si chakula tu, ni maji.

Na hapa kwenye maji ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua, sio kwa ukatili. Samaki anatoa uchafu wenye amonia, na amonia inamuunguza matamvua. Kwenye tangi zuri kuna bakteria wanaoibadilisha hiyo amonia mpaka iwe kitu kisicho na madhara sana, ila hao bakteria wanachukua wiki nne mpaka sita kujijenga. Sasa mtu ananunua samaki leo anamtia leo, maji yakichafuka anamwaga yote, anasugua bakuli kwa sabuni, anajaza ya mfereji yenye klorini, yaani kila Ijumaa anaanza upya kutoka sifuri na samaki yuko ndani. Kisha goldifishi ni samaki wa maji ya baridi na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, sasa fikiria lita tatu sebuleni kwetu kaskazi ikivuma. Wafugaji wanaomjua wanamtakia lita 75 hivi peke yake, karibu mitungi minne ya lita 20, manake akitunzwa anafika sentimita 20 na zaidi na anaishi miaka 10 au 15. Wangapi hapa mtaani wamemuona goldifishi wa miaka miwili? Faita ana nafuu, joto letu analipenda na anaweza kuvuta hewa ya juu, lakini hata yeye mtungi mmoja mzima ni haki yake, sio gilasi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wazee wetu walilijua hili. Ingia nyumba za mawe za zamani uangalie birika la chooni, lile tangi la maji la kujengewa, chini kabisa utakuta bakuli la kauri limejengewa sakafuni. Kwenye birika waliweka samaki wadogo ili wawale viluwiluwi vya mbu, na birika likikauka au likisafishwa samaki anabakiwa na maji yake mle bakulini. Yule samaki alikuwa mfanyakazi tu, hakuna aliyempa jina, lakini aliyejenga birika alimfikiria. Sisi tunaompenda tunampa kioo kitupu.

Sasa upande wa pili, na huu ni wa kweli: tangi la kioo na filta na pampu ni pesa, stima nayo ikipotea pampu inasimama. Kule Roma walipiga marufuku bakuli za mviringo mwaka 2005, lakini hapa sheria ya namna hiyo nani ataisimamia, na yule kijana wa vifuko naye anatafuta rizki. Mimi lawama naitia kwake kabla ya mama, manake yeye ndiye anayejua, na maneno mawili tu angeyasema, chombo kikubwa na usimwage maji yote. Punda Amu ana zahanati yake tangu miaka ya 80, ukimpiga ovyo mtu atakusemesha. Samaki hapigi kelele.

Na kukaripia nilikosea, mama alinuna siku tatu. Goldifishi mmoja alikufa. Kwa ajili ya wa pili nilirudi na maneno mengine, nikamwambia dada, huyu anakula viluwiluwi, mtie kwenye lile pipa la bluu uani, kivulini, tuyalaze maji kwenye ndoo siku nzima klorini ipungue, na kila wiki tubadilishe robo tu. Akakubali kwa sababu ya mbu. Huu mwezi wa pili anazunguka na rangi imemrudi. Ila mtoto ananilalamikia sasa anamuona mgongo tu, na hapo ana haki, sina jibu ila kumnyanyua achungulie.