Tipu ya Marekani ni mshahara wa mtu

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi hushtuka bili ya kwanza ya mgahawa wa Marekani inapofika mezani. Chakula kiliandikwa dola 40, kodi ya mauzo imeongezwa juu, halafu kuna mstari mtupu wa tipu, yaani bakshishi ya mhudumu, na wenyeji wanamwambia aache asilimia 18 hadi 20. Huuliza: kwa nini mfanyakazi wa tajiri nimlipe mimi? Swali ni la haki. Hata sheria inamtaka tajiri afidie, tipu zisipomfikisha mhudumu kwenye kima cha chini cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa.

Lakini anayeacha sifuri hamgusi tajiri hata kidogo. Sheria hiyohiyo inaruhusu mhudumu wa tipu alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango kilichowekwa mwaka 1991 na hakijapandishwa mpaka leo. Waliozaliwa mwaka huo sasa ni wazazi, bei ya mkate na kodi ya nyumba zimepanda mara ngapi sijui, na 2.13 iko palepale. Zamu yenye urefu wa saa nane ni dola 17 na senti nne. Tipu nazo hutozwa kodi, na kodi hiyo hukatwa kwenye hizohizo dola 2.13, hivyo wapo wanaopokea hundi ya mshahara iliyobaki karibu sifuri. Ile fidia ya tajiri hupigiwa hesabu ya wiki nzima, kwa hiyo meza moja iliyoondoka bila kutoa humezwa na meza nyingine. Tena migahawa mingi humtaka mhudumu awamegee wa baa na wanaosafisha meza kwa kadiri ya mauzo yake. Ukimnyima, fungu lao la chakula chako analitoa kwenye tipu alizopewa na wengine.

Si majimbo yote yako hivyo. California, Oregon na Washington humlipa mhudumu kima kamili cha chini cha jimbo kabla ya tipu, na huko lalamiko la mgeni lina nguvu zaidi. Kwenye kaunta ya kahawa, skrini inapokuomba asilimia 20 kwa kikombe ulichokichukua mwenyewe, kataa bila wasiwasi. Ila ukikaa mezani ukahudumiwa, ihesabu ile asilimia 20 kuwa sehemu ya bei ya chakula kabla hujaagiza.