Atemisia: tuulize kwanza ilikatwa lini

Mwezi Mei 2020, Tanzania ilipotuma ndege Madagascar kuchukua kinywaji cha mmea wa atemisia kwa ajili ya korona, watu waligawanyika pande mbili, na hadi leo hawajakutana. Kwa upande mmoja, mmea huu ni mkombozi, tena unaoteshwa uani. Upande wa pili, wa wafamasia na watafiti, unapinga chai yake kutumika kutibu malaria. Hawa wa pili wamebandikwa jina la vibaraka wa kampuni za dawa. Naona hawajasikilizwa.

Wanaotetea chai wana hoja ya kweli. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati chanzo chake ni mmea huu huu, Artemisia annua, na Tu Youyou wa China alipata Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua atemisinini, kiini kinachoua vimelea vya malaria, iliyomo ndani yake. Penye zahanati ya mbali na mfuko mtupu, majani ya uani ni msaada. Utafiti uliofanyika Kongo na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba baada ya siku saba chai iliponya wastani wa asilimia 74 ya wagonjwa, kwinini asilimia 91. Si haba. Tatizo ni kwamba wengi wa waliokunywa chai vimelea viliwarudia wiki zilizofuata.

Kwa nini virudi? Wengi hutaja maji, kwa sababu atemisinini haiyeyuki vizuri ndani yake, na ni kweli. Lakini kuna jambo linalotangulia sufuria, nalo ni umri wa mmea siku ulipokatwa. Atemisinini hukaa kwenye vitezi vidogo mno vilivyo juu ya jani. Mmea unavyokua inaongezeka, hufika kileleni karibu na kutoa maua, kwa aina nyingine yakiwa yamechanua, kisha hupungua. Jani likizeeka, vitezi hupasuka. Ukitazama shamba wakati vitumba vya manjano, vidogo kama kichwa cha pini, vinaanza kuonekana kwenye ncha za matawi, utakuta majani ya chini yameshaanza kukauka. Anayengoja wiki kadhaa zaidi ili mmea uonekane mkubwa huvuna gunia zito lenye dawa kidogo.

Huku kwetu karibu na ikweta kuna shida ya ziada. Mmea huu hutoa maua siku zinapokuwa fupi, na kwetu siku ni ya saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Mbegu ya kawaida kutoka China huchanua ikiwa bado fupi, majani machache. Ndiyo maana watafiti walihangaika kupata aina zinazochelewa kuchanua. Aliyepewa mbegu na jirani hajui ana ipi.

Sasa tazama hesabu hii, ambayo mimi hainitoki kichwani. Kiasi cha atemisinini katika majani makavu kimepimwa kuanzia asilimia 0.01 hadi 1.4, kutegemea aina ya mbegu, udongo, ukaushaji na wakati wa kuvuna. Kwa mfano, gramu tisa za majani dhaifu zina chini ya miligramu moja. Gramu tisa za majani bora zina miligramu 126. Kijiko ni kile kile, rangi ya chai ni ile ile, na mama anayemnywesha mtoto mwenye homa hana namna ya kutofautisha. Na dozi pungufu haiishii kwa mtoto huyo. Vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya atemisinini, yaani vinavyochelewa kufa vikikutana nayo, vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na hapa kwetu Kagera. Kila kimelea kinachoonja dawa bila kufa ni hatari kwa dawa tunayoitegemea sote.

Kwa hiyo anayesema "subirini kipimo" haudharau mti wala mganga. Anaujua mmea kwa undani kuliko anayeusifia.

Pakiti za unga wa atemisia madukani huandikwa tarehe ya kuisha muda. Sijaona iliyoandikwa tarehe ya kukatwa, aina ya mbegu, wala kama mmea ulikuwa umechanua. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lingeweza kuanzia hapo, pamoja na kipimo cha maabara kwa kila mavuno. Mkulima anayekata kwa wakati naye angelipwa tofauti na anayekata mbegu zikiwa zinapukutika. Leo, unga wao ukishasagwa, sokoni bei ni moja.