Betri imevimba, mtu katupa na maganda

Jana asubuhi hosteli, kwenye ndoo ya taka ya ghorofa yetu: maganda ya ndizi, makombo ya wali, na betri ya simu imevimba kama andazi. Jamani! Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto, na dada wa usafi hushindilia zile taka kwa mikono. Mwenye betri anasoma kompyuta, eti.

Jioni taka zinachomwa nyuma ya bweni, chaja na waya humo humo, moshi wa plastiki unatufuata mpaka kitandani. Nikauliza ofisini vifaa vibovu tupeleke wapi. "Weka tu pale konani." Konani kwenyewe kuna monita za chogo, zile zenye madini ya risasi (lead) kwenye kioo, zinanyeshewa tangu niko mwaka wa kwanza.